Simu Ikiingia Kabla Hujamaliza Kulipa: Pesa Yako Iko Wapi?

Tuseme ni saa moja jioni na uko Kawangware, karibu na stage ya 46. Umenunua nyanya, vitunguu na sukuma wiki, na hesabu ya mama mboga imefika shilingi 340. Umefungua apu, umeweka namba yake ya till, umeweka 340, umeingiza PIN na kubonyeza "Lipa". Duara linaanza kuzunguka. Papo hapo simu inaita: ni keateka, anauliza habari ya kodi. Unapokea, mnaongea dakika mbili, unakata.

Ukirudi kwenye apu, inakuuliza PIN upya kama mtu asiyekujua. Lile duara halipo tena. Mama mboga anakuangalia, kwake meseji haijaingia. Nyuma yako kuna watu wawili wanangoja kuhudumiwa na wameanza kuguna.

Unafanya nini? Wengi hulipa tena. Dakika tano baadaye, ukiwa umeshafika kwa mlango wako, meseji zinaingia mbili kwa mpigo: 340, halafu 340 nyingine. Hiyo ya pili ilikuwa nauli yako ya kesho.

Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya simu wakati ule apu inapowekwa kando, kwa nini apu hukuuliza PIN ukirudi, na jinsi ya kujua kama pesa imetoka au haijatoka kabla hujabonyeza tena.

Zamani simu ilifanya kazi moja kwa wakati

M-PESA ilipoanza Machi 2007, menyu yake ilikaa ndani ya laini ya simu. Uliingia kwenye menyu, ukaandika namba, kiasi na PIN, kisha ukamaliza au ukaacha. Hakukuwa na WhatsApp ya kuchungulia katikati ya kazi.

Hata leo ukipiga *334#, mambo ni karibu yale yale. Yale mazungumzo kati yako na mtandao yana muda mfupi. Ukichelewa kujibu, yanakatika, na hakuna kitu kilichowekwa akiba. Unaanza mwanzo.

Apu ni kitu kingine. Tangu Safaricom ilipozindua apu ya M-PESA mwaka wa 2021, na kampuni nyingine kama sisi tukiwa na apu zetu, malipo yanafanyika kwenye simu ambayo wakati huo huo inapokea simu, inaleta meseji za chama, inacheza muziki na kuonyesha ramani. Zote zinagombea nafasi moja. Kwa hivyo kila apu lazima ijue kukaa kando, na ijue kurudi.

Apu huwekwa kando namna gani?

Mfikirie fundi wa viatu mwenye meza ndogo pale Toi Market. Juu ya meza kunatosha kiatu kimoja tu, kile anachoshona sasa hivi. Mteja mwingine akija na kazi ya haraka, kile cha kwanza anakiweka chini ya meza. Hajakitupa, ataendelea nacho. Lakini chini ya meza nako kuna mwisho wake. Pakijaa, kuna kiatu kitakachoondolewa, na mara nyingi ni kile ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu.

Simu yako inafanya hivyo hivyo. Apu unayoitazama iko juu ya meza. Ukipokea simu, ukienda WhatsApp kunakili namba, ukirudi kwenye skrini ya mwanzo, au skrini ikizima yenyewe, apu yetu inawekwa chini ya meza. Simu huiambia, "Kaa kando," na kuipa muda mfupi sana wa kujipanga. Baada ya hapo, nafasi ikihitajika, simu inaweza kuifunga kabisa bila kutuuliza sisi wala wewe.

Nafasi hiyo ndiyo inayoitwa RAM. Haihusiani na zile GB za kuweka picha na video, ni nafasi ya kazi zinazoendelea sasa. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa mitaani mwetu zina RAM ya GB 1 au 2. Google yenyewe iliona jambo hilo, na mwaka wa 2017 ikatangaza Android Go, aina nyepesi ya Android iliyokusudiwa simu zenye RAM ya GB 1 au pungufu. Kwenye simu ya namna hiyo, kufungua kamera kupiga picha ya risiti kunatosha kuifunga apu ya malipo uliyoiacha kando.

Kwa hivyo ukirudi ukute apu inaanza upya, usidhani imeharibika. Simu yako ilihitaji nafasi, ikaichukua.

Tunafanya nini katika muda huo mfupi?

Apu yetu ikiambiwa ikae kando, inafanya mambo matatu.

Kwanza, inaweka akiba ulichokuwa ukiandika: unamlipa nani na kiasi gani. Lengo ni kwamba ukitoka kwenda kutafuta namba kwenye WhatsApp, ukirudi usianze kuandika upya. Kitu kimoja hatuweki akiba kamwe, nacho ni PIN yako. Ikiwa ulikuwa umeandika tarakimu mbili za PIN simu ikaingia, zile mbili zinafutwa.

Pili, inafunika skrini. Ukifungua ile orodha ya apu zilizo wazi, utaona apu nyingine zinaonyesha picha ndogo ya ulichokuwa ukifanya. Yetu inaonyesha ukurasa mtupu. Tumefanya hivyo makusudi, ili mtu aliyekaa kando yako kwenye matatu asione salio lako wakati unatafuta apu nyingine.

Tatu, inaanza kuhesabu muda. Ukirudi mara moja, unaendelea pale ulipoachia. Ukikawia, unaulizwa PIN.

Hili la tatu linawakera wengi. Tunaulizwa, "Kwani simu si yangu?" Ni yako, lakini haikai mkononi mwako siku nzima. Inapewa mtoto atazame katuni. Inaachwa kwenye kibanda cha kuchaji wakati stima imepotea. Inanyakuliwa kwenye dirisha la matatu ikiwa bado iko wazi. Apu haina macho ya kujua aliyerudi ni wewe au ni mwingine. PIN ndiyo njia yake ya kuuliza, "Ni wewe?"

Mpaka ni PIN

Sasa tufike kwenye swali la pesa. Jambo moja la kukumbuka ni hili: pesa haikai kwenye skrini. Skrini ni dirisha tu. Dirisha likifungwa, kilichoko ndani ya nyumba hakiondoki.

Kabla hujaingiza PIN na kuthibitisha, hakuna kilichotoka. Umeandika namba ya till na kiasi, simu ikazima, ukapoteza kila kitu? Pesa iko pale pale. Unaweza kuanza upya bila wasiwasi.

Baada ya kuthibitisha, agizo lako linaondoka kwenye simu na kwenda kwenye kompyuta zetu. Likishafika huko, simu yako haina kazi tena katika malipo hayo. Unaweza kupokea simu, kuzima skrini, hata betri ikaisha. Malipo yanaendelea.

Ni kama kutuma mzigo kwa basi la Kisumu. Ukishaukabidhi ofisini na kuandikiwa namba, wewe kurudi nyumbani hakulisimamishi basi. Hata ukipoteza ile risiti, mzigo haurudi. Na ukifunga mzigo wa pili ukaupeleka ofisini, basi litabeba yote miwili.

Palipo na utata ni pale katikati, sekunde zile umebonyeza "Lipa" na duara linazunguka. Hapo agizo linaweza kuwa katika hali tatu:

1. Halijafika kwetu, kwa sababu mtandao ulikatika kabla halijatoka kwenye simu.
2. Limefika na linashughulikiwa, lakini jibu bado halijarudi kwako.
3. Limekamilika, ila simu yako haijapata habari.

Ukiwa nje ya apu, hali zote tatu zinafanana: duara limepotea na meseji haijaja. Ndiyo maana macho pekee hayatoshi kuamua.

Mtandao nao una vituko vyake. Ukiwa ndani ya nyumba ya mabati pale Gatwekera au Gatina, mabati hupunguza nguvu ya mawimbi ya simu. Mtu anaweza kubonyeza "Lipa" akiwa nje, akaingia ndani, na jibu likamkosa. Ukisogea mlangoni au nje kidogo, mara nyingi jibu linaingia lenyewe.

Apu inaweza kujua imerudia. Haiwezi kujua kama wewe umerudia

Kila unapothibitisha malipo, apu yetu huyapa malipo hayo namba yake kabla hayajatoka kwenye simu. Mtandao ukikatika, apu inajaribu tena kwa namba ile ile. Kompyuta zetu zikiona namba ambayo zimeshaishughulikia, hazikati pesa mara ya pili. Zinajibu tu, "Hii tulishaimaliza." Kwa hivyo apu ikirudia yenyewe, huwezi kukatwa mara mbili.

Lakini wewe ukifungua ukurasa mpya, ukaandika till na 340 upya na kuingiza PIN, hayo ni malipo mapya na yanapata namba mpya. Pengine kweli unataka kulipa mara mbili: umenunua mboga, halafu umekumbuka jirani alikutuma umnunulie za bei hiyo hiyo. Kompyuta haiwezi kusoma nia yako.

Hapa tuna la kukiri. Kwa muda fulani, ukitoka kwenye apu yetu baada ya kuthibitisha na ukarudi, baada ya PIN ulikuta ukurasa wa mwanzo, safi, kama hujawahi kulipa chochote. Tuliweka akiba ulichokuwa ukiandika, lakini hatukukuonyesha ulichokuwa umeshatuma. Wateja walifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: walilipa tena. Kosa hilo lilikuwa letu kabla ya kuwa lao.

Tumelibadilisha. Sasa ukirudi, kitu cha kwanza unachokiona ni malipo yako ya mwisho na hali yake: "Yanashughulikiwa", "Yamekamilika" au "Hayakwenda". Na ukitaka kulipa mtu yule yule kiasi kile kile muda mfupi baadaye, apu inakuuliza kwanza kama ni kweli unataka kulipa mara ya pili. Tafadhali usibonyeze "Ndiyo" kwa haraka. Ukurasa huo uko pale kwa ajili ya jioni kama ile ya stage ya 46.

Kuna pengo moja ambalo hatuwezi kuliziba. Ukikata tamaa na apu yetu, ukapiga *334# na kulipia huko, hayo ni malipo ya njia nyingine kabisa. Apu yetu haiyaoni, na M-PESA haijui uliyoyaanzisha kwetu. Ukichanganya njia mbili kabla ya kujua hali ya ile ya kwanza, hakuna kompyuta itakayokuzuia.

Fanya hivi duara likipotea

1. Usilipe tena. Mwambie muuzaji, "Ngoja kidogo niangalie."
2. Fungua apu, weka PIN, soma hali ya malipo ya mwisho.
3. Ikisema "Yamekamilika", mwonyeshe muuzaji namba ya muamala na umpe nafasi ya kuangalia kwake pia.
4. Ikisema "Yanashughulikiwa", subiri. Sogea mahali penye mtandao. Usijaribu kwa njia nyingine.
5. Ikisema "Hayakwenda", pesa haijatoka. Hapo lipa tena.
6. Kama apu haifunguki kabisa, angalia salio lako. Kama ulikuwa na 900 na sasa kuna 560, majibu unayo.

Kwa wauzaji: tunajua huwezi kumwachilia mteja na mboga bila kuona pesa, na hatukulaumu. Lakini kabla ya kumwambia "tuma tena", angalia salio la till yako mwenyewe, si meseji peke yake, kwa sababu meseji huchelewa. Usiamini pia picha ya skrini ya mteja, maana picha inaweza kutengenezwa.

Tokeni za stima zina mambo yake

Watu wa Kibera wanaijua hii: tokeni zimeisha usiku, umelipa, skrini imezima, na ile namba ya tarakimu 20 haijaja. Hapa kuna safari mbili. Pesa inaenda kwanza, halafu mfumo wa tokeni unatoa namba. Malipo yanaweza kuwa yamekamilika na namba ikawa bado njiani. Angalia hali ya malipo. Ikiwa yamekamilika, ngoja namba badala ya kununua tena. Na ikiwa umeshanunua mara mbili, usiogope: zote mbili ni zako, ingiza moja kisha nyingine kwenye mita. Hapo umelipia stima ya siku zijazo tu, ingawa tunaelewa huenda pesa hiyo ulikuwa umeipangia unga.

Ikiwa imeshaenda mara mbili

Kama ulilipa till, anza na muuzaji. Wengi ni majirani na watakurudishia wakiona meseji mbili. Kama mmeshindwa kuelewana, fungua malipo hayo ndani ya apu yetu na ubonyeze "Ripoti". Tuma mapema iwezekanavyo.

Kama ulituma kwa M-PESA kwenda namba ya mtu, isambaze ile meseji yote ya M-PESA kwenda 456 mara moja. Kila dakika ina maana, kwa sababu mpokeaji akishaitoa au kuitumia pesa hiyo, kuirudisha kunakuwa kugumu sana.

Na upande wa pili wa jambo hili: mtu asiyejulikana akikupigia kusema amekutumia pesa kimakosa, usimrudishie kwa kuamini meseji aliyokutumia. Angalia salio lako kwanza. Kama ni kweli, mwambie afuate njia hiyo ya 456.

Simu inayokuambia "usikate"

Kuna simu moja inayoingia katikati ya malipo ambayo ni hatari kuliko zote. Mtu anajitambulisha kuwa mfanyakazi wa huduma kwa wateja. Anajua jina lako. Anakuambia malipo yako yamekwama, usikate simu, fungua apu, fanya hivi na vile. Anataka uwe na mambo mawili mkononi kwa wakati mmoja ili usisome skrini vizuri.

Sisi hatutakupigia kukuomba PIN wala kukuongoza kubonyeza chochote ndani ya apu. Ukipata simu kama hiyo, kata. Kisha ufungue apu ukiwa umetulia, usome hali ya malipo yako mwenyewe.

Isaidie simu yako kidogo

Kama apu hufungwa kila ukiiacha hata kwa sekunde chache, jaribu haya. Funga apu usizotumia kabla ya kwenda sokoni. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya betri, uone kama apu yetu imewekwa kwenye orodha ya zinazofungwa ili kuokoa chaji, na uitoe. Weka toleo jipya la apu ukiwa na bando au Wi-Fi, kwa maana ule ukurasa wa malipo ya mwisho tulioueleza haupo kwenye matoleo ya zamani. Na kama unajua simu muhimu inakuja, ipokee kwanza, ulipe baadaye.

Siku nyingine ukiwa kwa mama mboga na simu iite baada ya kubonyeza "Lipa", ipokee tu. Pesa haitapotea kwa sababu umeondoka kwenye skrini. Ukikata, fungua apu, soma neno moja lililo juu ya ukurasa, ndipo uamue. Ni sekunde kumi tu, na hata walio nyuma yako kwenye foleni watakuvumilia.